Majarida ya sayansi, watafiti na tabianchi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Kigoma

Maswali haya yametoka kwenye kabati moja. Lipo katika chumba kidogo cha kusomea hapa Mwanga, Kigoma mjini, na mlango wake haufungi vizuri tangu mvua kubwa ziliponyesha. Ndani kuna majarida ya sayansi ya Kiingereza, mengi ya zamani. Baadhi yameachwa na wageni waliokuwa wakienda Gombe kwenye hifadhi ya sokwe, mengine yameletwa na walimu wastaafu wanaohama. Vijana huja, hutazama majalada, hubishana juu ya picha, kisha huja kuniuliza. Nimechoka kujibu jambo lilelile mara kumi kwa wiki, ndiyo maana nimeandika. Nilifundisha jiografia; mimi si mtafiti. Mwenye hoja dhidi yangu aje tukae.

Majarida haya ndiyo yale wanayoandika wanasayansi wenyewe?

Siyo. Kuna aina mbili na watu huzichanganya. Nature na Science, kwa mfano, ni mahali watafiti wanapoandikiana wao kwa wao. Kabla makala yao haijachapishwa, wataalamu wengine huipitia na kuikosoa. Aina ya pili ndiyo iliyojaa kabatini: Scientific American ya tangu 1845, Popular Science ya tangu 1872, National Geographic ya tangu 1888, New Scientist ya tangu 1956. Hayo huandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, na lazima yauzwe.

Mama mmoja anayeuza dagaa aliniambia ameelewa nilipomfananishia hivi: makala ya utafiti ni dagaa walioanikwa Kibirizi, wamo na mchanga wao na vichwa vyao. Jarida ni dagaa waliokwisha kukaangwa, wamewekwa kitunguu na ndimu. Wanaliwa vizuri zaidi, ila hujui kilichochambuliwa na kutupwa.

Mwalimu, mbona mwanasayansi kwenye picha ni Mzungu, yuko peke yake, anatazama mbali?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu lake lipo kilomita chache kutoka hapa ulipo.

Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuchunguza sokwe, alishuka Gombe Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, hana shahada. Hakuwa peke yake. Wakuu wa wakati huo walikataa msichana akae msituni bila mwenzake, hivyo alifuatana na mama yake, Vanne, na mpishi. Wenyeji walimwongoza kwenye njia za milimani. Lakini National Geographic ilipochapisha makala yake ya kwanza Agosti 1963, picha iliyobaki vichwani mwa watu ilikuwa ya msichana mwenye nywele za dhahabu, sokwe na msitu. Mama, mpishi na waongozaji walififia. Mwaka 1965 ikafuata filamu ya televisheni, na sura hiyo ikaganda.

Simdharau Goodall hata kidogo. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na hapa Kigoma tulimlilia kama mtu wa nyumbani. Kazi yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo rekodi za Gombe, zinazosifiwa kwa kudumu zaidi ya miaka 60, zimeandikwa siku baada ya siku na wanaume wa vijiji vya mwambao huu. Hilali Matama ni mmoja wao. Januari 1974 ndiye aliyeshuhudia sokwe wa kundi moja wakimvamia Godi, dume wa kundi jirani, tukio lililobadilisha namna dunia inavyowafikiria sokwe. Waulize wageni kumi wanaoteremka kwenye boti kama wamewahi kulisikia jina la Matama.

Picha hiyo huingia kichwani mapema. Mwaka 1983 David Wade Chambers alichapisha matokeo ya watoto 4,807 walioombwa kuchora mwanasayansi. Wengi walichora mwanaume mwenye koti jeupe na miwani. Waliochora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote 28 walikuwa wasichana. Nililijaribu zoezi hilo hapa chumbani na watoto wa darasa la sita. Nilipata makoti meupe mengi, chupa zinazotoa moshi, na mtoto mmoja aliyemchora bibi yake akipima mawese kwenye debe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Anapima kila siku na hakosei." Mchoro huo nimeubandika ukutani.

Kuna makala yoyote inayohusu ziwa letu na joto la dunia?

Ipo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2003 makala mbili za Ziwa Tanganyika zilitoka karibu pamoja: moja ya Catherine O'Reilly na wenzake katika Nature, nyingine ya Piet Verburg na wenzake katika Science. Zote zilisema ziwa limepata joto, na kwamba joto hilo limegusa chakula cha samaki.

Ili uelewe, fikiria sufuria ya uji. Mbolea ya ziwa iko chini, kwenye maji ya baridi. Juu kuna mwanga lakini mbolea ni haba. Mwani huota juu, wadudu wadogo wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu, mgebuka hula dagaa, na sisi tunawala wote wawili. Bila mwiko kufika chini, juu hapapati kitu. Mwiko wa Tanganyika ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Zambia, maji ya chini hupanda kujaza nafasi.

Sasa, ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini tofauti ya joto kati ya juu na chini ni nyuzi tatu hivi tu: juu 25 hadi 27, chini 23 na kitu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyafanya maji ya juu kuwa mepesi yakaelea. Ukiongeza joto kidogo juu, mwiko unahitaji nguvu zaidi. Vipimo vilionyesha joto limepanda na upepo umelegea. Timu ya O'Reilly ilikadiria uzalishaji wa mwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na ikasema hiyo inaweza kumaanisha samaki kupungua kwa asilimia 30.

Habari za namna hii zinapofika kwenye majarida ya kuuzwa, hubaki asilimia, hubaki picha ya mvuvi mwenye uso wa huzuni na neno "kufa" kwenye kichwa cha habari. Kinachokatwa ni sehemu tamu kuliko zote: hayo waliyajuaje? Waliyajua kwa sababu kuna watu walioteremsha kipimajoto ziwani na kuandika namba tangu 1913. Miaka ya 1990 mradi mmoja wa utafiti ulipima maji Kigoma, Bujumbura na Mpulungu, wiki baada ya wiki, mvua na jua. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapahapa. Kazi hiyo haina picha nzuri: ni chupa, kamba yenye alama, daftari na kichefuchefu cha mawimbi. Hakuna mhariri atakayeiweka kwenye jalada, na namwelewa. Lakini bila daftari hilo jalada lisingekuwa na la kusema.

Basi dagaa wamepungua kwa sababu ya joto au kwa sababu yetu wavuvi?

Huulizwa na wavuvi, na wengine huuliza wakiwa tayari wamekunja ngumi. Nisikilizeni kwanza.

Baada ya makala za 2003, watafiti wengine waliolijua ziwa vizuri, akiwamo Jouko Sarvala, waliandika mwaka 2006 kwamba takwimu za samaki waliovuliwa zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya tabianchi. Meli kubwa za uvuvi ziliacha kazi, mitumbwi na karabai zikaongezeka, watu wakabadili nyavu. Ukihesabu samaki bandarini unawapima wavuvi pamoja na ziwa.

Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaja na njia nyingine. Walichimba matope ya chini ya ziwa na kuhesabu mabaki ya samaki, konokono na mwani, tabaka kwa tabaka. Waliona kupungua kumeanza katikati ya karne ya 19, pamoja na joto kupanda, yaani kabla ya uvuvi wa kibiashara wa miaka ya 1950. Hawakusema uvuvi hauna lawama. Walisema joto lilitangulia.

Kwa hiyo jibu ni yote mawili, na wataalamu bado wanabishana kila moja lina uzito gani. Ubishi wa namna hii ndio sayansi yenyewe. Majarida huwa na shida nao, maana msomaji anataka mhalifu mmoja. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nilisikia watu wakisema vijiweni, "Wazungu wamesema ni joto, mbona tunafungiwa sisi?" Ndugu yangu, joto huwezi kulifungia miezi mitatu. Nyavu unaweza.

Walisema theluji ya Kilimanjaro itaisha 2020. Ipo. Walitudanganya?

Hawakudanganya. Utabiri mmoja ulitoka kombo na majarida yakaukuza. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba, kwa kasi iliyokuwapo, barafu ya kileleni ingeweza kutoweka kati ya 2015 na 2020. Kasi yenyewe ilikuwa ya kweli: eneo la barafu lilikuwa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, na mwaka 2000 lilibaki chini ya tatu. Masharti ya sentensi, lile "kwa kasi hii", yakadondoka njiani, ukabaki mwaka. Pia kuna watafiti wanaosema sababu kubwa pale kileleni ni ukavu wa hewa na mawingu kupungua, siyo hewa kuwa ya moto tu. Hilo halikuenea sana. Mlima mrefu wenye theluji inayoyeyuka ni picha. Unyevu wa hewa hauna picha.

Nimetumiwa kwenye WhatsApp jalada la Time la 1977 lenye pengwini, linasema zama za barafu zinakuja. Kumbe wanasayansi hubadilika kila siku?

Jalada hilo ni la kughushi. Pengwini huyo ametoka kwenye jalada la 2007 lililohusu namna ya kukabili joto la dunia. Mtu amebadilisha maneno na mwaka.

Lakini tusimalizie hapo, kwa sababu kuna jambo la kweli karibu yake. Aprili 1975 Newsweek kweli ilichapisha makala fupi kuhusu dunia kupoa. Ni mfano mzuri wa jarida kuokota upande mmoja. Mwaka 2008 watafiti watatu walirudi kuhesabu makala za kitaalamu za 1965 hadi 1979. Zilizotabiri kupoa zilikuwa 7, zilizotabiri joto 44, na 20 hazikuegemea popote. Aliyesoma Newsweek peke yake alidhani wataalamu wote wanangoja baridi.

Tangu lini majarida haya yanajua habari za moshi na joto?

Machi 1912 Popular Mechanics iliandika kwamba tanuri za dunia zinachoma tani bilioni 2 za makaa ya mawe kwa mwaka, na kuongeza tani bilioni 7 za hewa ukaa angani, hivyo dunia inavikwa blanketi. Ikasema athari huenda zikaonekana baada ya karne chache. Mwaka huo reli ya kati ilikuwa bado haijafika Kigoma.

Yule dubu mwembamba aliyeliliwa na dunia nzima?

Alipigwa picha 2017 kaskazini mwa Kanada. National Geographic ilisambaza video yake na maneno kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Mwaka uliofuata jarida lenyewe likakiri kuwa lilivuka mpaka: hakuna aliyejua dubu yule alikuwa mgonjwa, mzee au amejeruhiwa. Kukiri huko nakuheshimu. Ila waliosoma kukiri ni wachache kuliko waliolia.

Nasi tuna dubu wetu. Miaka kadhaa iliyopita mpiga picha mmoja, ambaye sitamtaja, aliwaomba wavuvi mwaloni wainue nyavu tupu saa nne asubuhi. Nyavu saa nne ni tupu! Samaki wameshauzwa. Vijana walicheka wakainua, wakalipwa soda.

Kwa nini mtafiti wa tabianchi huandikwa kama mtu aliye vitani?

Kwa sababu wachache wao wamewekwa vitani kweli. Michael Mann wa Marekani, aliyechora pamoja na wenzake mwaka 1998 na 1999 mchoro wa joto la karne zilizopita, alitishiwa maisha na kuletewa bahasha yenye unga mweupe. Ulipopimwa ukaonekana ni wa mahindi. Mambo kama hayo ukiyapeleka kwenye jarida, lazima uanze na bahasha.

Novemba 2009 barua pepe zaidi ya elfu moja za watafiti wa tabianchi ziliibwa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza na kutawanywa. Neno moja la Kiingereza, "trick", lilizua kelele kuliko mengine yote, neno linaloweza kuwa hila au ujuzi wa fundi. Sisi tunalielewa bila shida. Fundi wa mitumbwi akikuambia "hapa kwenye kuziba mbao kuna ujanja wake", humwiti mwizi. Kamati kadhaa zilichunguza na hazikukuta data za kubuni. Ziliwalaumu watafiti kwa kuwa wagumu kutoa takwimu zao kwa wengine, na lawama hiyo iliwastahili.

Ninalolalamikia ni kwamba simulizi za vita humfanya msomaji aulize "nani shujaa, nani adui" badala ya "walipima nini, kwa kutumia nini". Mtafiti akipendeza kwenye picha anaaminiwa, akionekana mkali anashukiwa. Kipimajoto hakina sura.

Watanzania wamo?

Wamo, ingawa kwenye majalada hutawaona. Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waandishi wa sura ya Afrika katika ripoti ya 2007 ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC. Dkt. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa alichaguliwa 2023 kuwa makamu mwenyekiti wa jopo hilo. Kijana wa kidato cha nne aliponisikia nikisema hivyo alidhani namtia moyo tu. Nikamwambia akahakikishe mwenyewe.

Binti yangu anataka kazi hii. Aanze wapi?

Hesabu. Najua ulitaka jibu lingine. Baada ya hesabu, daftari: aandike mvua ilinyesha lini na kiasi gani kwenye kopo lenye mdomo ulionyooka, kila asubuhi saa ileile, asiruke siku hata akiwa na homa. Akiweza miezi sita, mlete.

Mnaazimisha majarida kwenda nayo nyumbani?

Hapana. Tuliazimisha toleo moja, likarudi halina kurasa za katikati. Zilikuwa na ramani ya dunia. Wauza karanga hawahusiki. Karatasi inayong'aa hawaitaki, hainyonyi mafuta.

Babu anasema ziwa lilishawahi kupanda kama lilivyopanda juzi. Ni kweli, au ni hadithi?

Babu yuko sahihi. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipofika Ujiji 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo 1871, maji yalikuwa juu. (Stanley, tukumbuke, alitumwa na gazeti, New York Herald. Habari ya Mzungu mmoja jasiri kwenye mwambao huu ina umri mrefu kuliko National Geographic.) Ziwa liliendelea kujaa, na mnamo 1878 likavunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo na kushuka kwa mita kadhaa. Ndiyo sababu mgeni anayezuru kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji hushangaa kuona ziwa liko mbali. Likapanda tena baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, likafika kilele 1964. Hiyo ndiyo anayoikumbuka babu.

Mara hii mvua za mwisho wa 2019, zilizochochewa na maji ya Bahari ya Hindi kuwa ya moto upande wetu, zilianza kulijaza. Mwaka 2020 na 2021 maji yaliingia nyumba za Kibirizi na kusumbua bandari, kisha yakarudi kwa nguvu 2024. Jarida litapiga picha ya nyumba iliyozama na kuandika "tabianchi" chini yake. Linaweza kuwa sahihi nusu: hewa yenye joto hubeba mvua zaidi. Lakini ziwa hili lina desturi yake ya kupanda na kushuka, na kuvitenganisha viwili hivyo kunahitaji vipimo vya miaka mingi.

Katonga kuna mzee mvuvi ambaye ana nguzo ya mninga kwenye banda lake la nyavu. Kila mwaka mwezi wa tano, maji yakiwa juu kabisa, huichora mstari kwa kisu. Mistari ya chini imeliwa na mchwa, ya juu inasomeka. Nilimwomba ruhusa nipime umbali kati ya mistari na kuiandika kwenye daftari, tulinganishe na vipimo vya bandarini. Alikubali kwa sharti moja: kwenye daftari jina lake litangulie langu. Limetangulia.